Kinachofunguka kwa Spana

Swali lilikuja kwa barua, mstari mmoja:
hiyo roshani ya chuma ndani ya bohari yenu,
ni jengo au ni chombo?

Nami mhasibu, miaka kumi na minne viwandani Nakuru,
nikacheka kwanza.
Kisha nikapiga hesabu, kicheko kikanikauka.
Jengo, makato yake hudondoka kijiko kijiko
mpaka mwenyewe azeeke;
chombo hukatiwa pande nono, mapema.
Kati ya maneno hayo mawili
palikuwa na milioni mbili za Gathungu,
na Gathungu ndiye anilipaye.

Basi nikapanda ngazi.
Vumbi la Menengai lilikuwa limetangulia,
limekaa juu ya magunia ya mbegu
kama mpangaji asiyedaiwa.
Nikahesabu nguzo: ishirini na nne.
Nikahesabu bolti: nne kwa kila mguu.
Nikapiga magoti na spana namba kumi na tisa,
nikajaribu moja.
Ikafunguka. Nikaandika:
haikushikana na sakafu, imeikanyaga tu;
yaweza kung'olewa Jumatatu, ikasimikwa Jumatano
Molo, au Eldoreti, au popote.
Haibebi paa. Haizuii mvua.
Hubeba mbegu, basi ni rafu iliyorefuka,
rafu ambayo mtu anaweza kutembea juu yake.

Sentensi hiyo ya mwisho niliifuta.
Mtu akiingia kwenye hoja,
hoja hugeuka nyumba.

Ndipo nikatazama chini ya ngazi.
Koti la Simwelo kwenye ndoano ya waya.
Birika jeusi. Kikombe cha bati kisicho na mkono.
Godoro limekunjwa, limefungwa kwa kamba ya katani,
na kalenda ya duka la dawa za mifugo, ya mwaka juzi,
imebandikwa nguzo namba saba
kwa ajili ya ng'ombe aliye pichani, si tarehe.
Simwelo mlinzi, mtu wa Kimilili,
alikuwa amekwisha kujibu barua bila kuisoma:
pana juu, pana chini,
pana mahali pa kutundika koti.

"Afisa anakuja Alhamisi. Hivi vitu vitoke."
"Vimekosa nini?"
"Vinafanya hapa paonekane nyumba."
Akatazama magunia, akanitazama mimi.
"Kwani hapa ni wapi?"
Nikamwambia ni chombo.
Akacheka kwa pua.
"Miaka sita nalala ndani ya chombo.
Si nimeshaganda kama mala."

Alhamisi Bi. Kerubo alifika na tochi na futi.
Akapima. Akagonga chuma kwa kidole cha pete.
Kwenye nguzo namba saba akasimama:
mraba safi, usio na vumbi,
na gundi kidogo kwenye pembe.
Akaigusa. Akanitazama
muda wa kumtosha mtu kukiri.
Nikamkabidhi spana.

Jibu lilitoka kabla ya masika: chombo.
Gathungu akachinja mbuzi wawili uani,
akanipa paja zima, limefungwa kwa gazeti.
Simwelo alikula amesimama, langoni,
mkono mmoja kwenye komeo.

Usiku huo, nikielekea Lanet,
kitu kikagonga nyuma ya gari kwenye tuta.
Nikadhani ni jeki.
Tuta la pili, tena, na mlio ule si wa jeki.
Lilikuwamo butini tangu Jumatano ile,
birika, nilipolibeba nikiahidi kulirudisha kesho yake,
majani ya chai yamekaukia mdomoni mwake.

Nimepita bohari mara nyingi tangu hapo.
Simwelo hunifungulia geti, hunipigia saluti,
hajawahi kuuliza.
Kutoka pale hadi kwangu kuna matuta kumi na moja.